Ukoo wa Neno

Moshi mtu akijitaja kuwa ni Lyimo au Massawe, mwenyeji hukisia papo hapo kwao ni upande gani wa mlima. Lakini ukoo haujamwambia kama mtu huyo hulipa madeni. Maneno nayo ndivyo yalivyo.

Wanaojifunza Kiingereza cha juu huhimizwa kufuata asili za Kilatini, na kweli zinasaidia. Kijana wa Marangu hulijua neno porter kwa shingo kabla ya kulijua kwa kalamu, maana ndiye mpagazi mwenyewe. Limetokana na portare, kubeba. Akishalishika hilo, transport na export hana haja ya kuzikariri. Ila katika ukoo huohuo yumo sport, lililopitia Kifaransa cha kale likimaanisha kujiburudisha, yaani kujibeba mbali na shughuli. Mwambie shabiki anayetoka Uwanja wa Ushirika kwamba ametazama ubebaji! Asili inaeleza neno limepita wapi. Haina mamlaka juu ya kazi linayofanya leo.

Mamlaka hayo yako kwenye matumizi, na fasihi ndiko matumizi yanakoonekana yakifanya kazi. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963, Mark Antony anasimama mbele ya maiti ya Kaizari na kuwaita wauaji honourable, watu wa heshima. Mwanzoni ni adabu tu. Anarudia, anarudia tena, na kila akirudia neno linazidi kuoza, mpaka umati unalisikia kama tusi. Herufi ni zilezile. Kamusi itakupeleka kwenye Kilatini, honor, ikuache hapo. Sisi tuliokwisha kusikia “mheshimiwa” ikitamkwa kwa kubana meno hatuhitaji maelezo marefu.

Hata hivyo asili ina siku zake. Mwaka 1889 Hans Meyer alikiita kilele cha Kibo kwa jina la Kaiser Wilhelm, na Kaiser ni Caesar yuleyule wa Roma katika matamshi ya Kijerumani. Mwaka 1961 kilele kikawa Uhuru. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kufaulu mtihani wa tamthilia ile bila kulijua hili. Akilijua haongezewi alama, ila anapata swali la kumuuliza Mwalimu: baada ya kumshusha Kaizari mlimani, ilikuwaje miaka miwili tu baadaye akamfundisha Kiswahili?