Wazazi na Watoto Wao Siku za Mitihani



Kila mwaka mwezi wa Novemba vijana wa Kidato cha Nne katika Tanzania nzima huketi kufanya mtihani wa taifa. Majuma mengi kabla ya siku hizo nyumba nyingi huwa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu hunena kwa sauti ndogo, mama huwanyamazisha wadogo, na baba huuliza kila jioni, "Je, umesoma?" Naye kijana mwenyewe hali chakula sawasawa, usingizi wampotea, kichwa chamwuma, pengine hulia wala hakuna aliyempiga. Wazazi wayaona hayo, nao wataka kumsaidia, lakini hawajui wamsaidieje. Mmoja huzidisha ukali, mwingine huzidisha ahadi za zawadi, wa tatu hunyamaza kwa kuwa yeye mwenyewe hakusoma.

Jambo hili laonekana kuwa la walimu tu. Lakini ndani yake mna swali ambalo mwalimu hawezi kulijibu kwa niaba yetu: Mtoto anayekwenda kupimwa amdai mzazi wake nini? Yafaa tulifikiri kwa utaratibu.

Kwanza tuangalie kijana aogopa nini. Karatasi haiumi mtu. Kinachomtisha ni uso atakaouona akirudi nyumbani. Baba ameuza ng'ombe. Mama amekopa katika kikundi. Shangazi ametuma fedha kutoka mjini. Ni kweli ada za shule za serikali ziliondolewa hata Kidato cha Nne tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari, nauli na chakula havikuondoka. Gharama hizo mtoto azijua, maana amezisikia zikihesabiwa mara nyingi: "Ng'ombe wangu amekwenda kwa ajili yako." Mzazi husema neno hilo ili kumtia bidii; mtoto hulisikia kama sauti ya mdai asimamaye mlangoni. Basi aingiapo katika chumba cha mtihani, huingia na swali la hesabu mbele yake na ng'ombe wa baba nyuma yake, naye atakiwa kuvitazama vyote viwili kwa macho yale yale mawili.

Pili tuulize, mtihani hupima nini. Wakulima wa kahawa waijua mizani. Mizani ya chama husema gunia hili lina kilo kadha wa kadha. Haisemi shamba lina rutuba gani, wala mvua ilinyesha lini, wala mkulima ni mtu wa namna gani. Hatuitukani mizani kwa sababu hiyo, maana kazi yake ni moja, nayo yaifanya. Mtihani nao ni vivyo hivyo. Katika Kidato cha Nne huchukuliwa masomo saba ambayo mtahiniwa ameyafanya vema kuliko mengine, pointi zake zikajumlishwa. Mwenye pointi 7 hata 17 yumo daraja la kwanza, na mwenye 34 au 35 hupata sifuri. Pointi hizo zatuambia kijana aliandika nini siku zile, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao walianza kufundishwa masomo kwayo walipoingia sekondari. Habari hiyo ina faida, na serikali yaihitaji ili kuchagua watakaoendelea. Lakini azisomaye pointi kana kwamba ni kipimo cha mtu mwenyewe, huyo amelipima shamba kwa mizani ya gunia.

Tena mizani ya wanadamu hutengenezwa na wanadamu. Wengi wetu twayakumbuka matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishituka. Wazazi walilia, na zikasikika habari za vijana waliojiondolea uhai. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume ya kuchunguza. Kisha Mei 2013 serikali ikatangaza bungeni ya kwamba matokeo yale yafutwe na kupangwa upya, kwa kuwa utaratibu mpya wa kupanga alama ulikuwa umetumika. Na yalipopangwa upya, wako waliohesabiwa kwanza kuwa wameshindwa ambao sasa walionekana wamefaulu. Fikirini jambo hili, ndugu. Karatasi zilikuwa zile zile, na wino ule ule. Hakuna kijana aliyeongeza neno hata moja. Mzazi aliyemfukuza mwanawe mwezi wa Februari kwa ajili ya sifuri, angemwambia nini mwezi wa Mei? Na wale waliokwisha kufa, tangazo la Mei halikuwafikia.

Basi nasema ya kwamba deni la kwanza la mzazi ni hili: mtoto ajue kabla ya mtihani ya kuwa mahali pake nyumbani hapategemei karatasi ile. Aambiwe kwa maneno. Tusidhani tu kwamba ajua. "Mwanangu, jitahidi kwa nguvu zako zote. Matokeo yakija mema, tutafurahi pamoja. Yakija mabaya, tutaketi pamoja tutafute njia. U mtoto wetu siku ile na siku hii." Maneno hayo yakisemwa baada ya matokeo mabaya ni faraja, na faraja ni njema, lakini yamechelewa kumsaidia alipokuwa ameshika kalamu. Nasi tunaokusanyika kila Jumapili twafundishwa ya kwamba mtu hapokelewi na Mungu kwa hesabu ya matendo yake. Ingekuwa ajabu mtoto alisikie neno hilo kanisani, kisha nyumbani apokelewe kwa hesabu ya alama.

Najua wako watakaonijibu, "Mchungaji, ukimwambia kijana hivyo atalala. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulisoma kwa fimbo, na leo tu watu." Neno hili lina uzito, wala sitalipita. Ni kweli vijana hupenda mchezo, na simu ya mkononi yaweza kula usiku mzima. Mzazi asiyemdai mtoto kazi yoyote hampendi, amemchoka tu. Lakini kudai kazi ni jambo moja, na kutishia kumtupa ni jambo jingine. Kazi i mikononi mwa mtoto: kuamka, kufungua daftari, kumwuliza mwalimu, kuizima simu. Hayo mzazi ayadai pasipo kuona haya. Matokeo hayamo mikononi mwake yote. Yamo pia mikononi mwa mtunga maswali, na katika kukosekana kwa mwalimu wa hesabu, na katika homa ya asubuhi ile. Kumwadhibu mtu kwa yale asiyoyaweza ni dhuluma, hata akiwa ni mwana wako wa kumzaa. Na huyo samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, wala hakunjwi kwa nyundo.

Wala hofu haileti faida itazamiwayo. Wataalamu walioongozwa na Kou Murayama waliwafuata wanafunzi wa Bavaria, katika Ujerumani, kwa miaka kadhaa, wakatangaza mwaka 2016 ya kwamba wazazi walipowatakia watoto wao mambo makuu, watoto waliendelea vema katika hesabu. Lakini matakwa yalipopita yale ambayo wazazi wenyewe waliyaona yawezekana, maendeleo yalipungua. Hali kadhalika Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2011 ya kuwa wanafunzi wenye hofu, walipopewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike yanayowatisha, walifanya vizuri zaidi. Hofu iliyosemwa hupungua. Hofu iliyofungiwa ndani hukaa mahali pale pale ambapo fikira zingefanya kazi. Basi mzazi asikiaye maneno ya hofu ya mwanawe pasipo kumcheka wala kumkemea, amemfundisha somo lisilofundishwa darasani.

Sasa nawageukia wale wasemao, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Ndugu zangu, ninyi mwaweza mambo mengi.

Mwaweza kumpa saa za kusoma. Binti mara nyingi huchota maji, hupika, humbeba mdogo, huosha vyombo, kisha saa nne ya usiku huambiwa akasome, hali kaka yake ameketi na kitabu tangu jua kuchwa. Halafu matokeo yakija twasema wasichana hawana akili ya hesabu. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki, na katika miezi ya mwisho baba mwenyewe asione aibu kushika ndoo.

Mwaweza kuulinda usingizi wake. Waganga wa mambo ya usingizi wanena ya kwamba kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji kulala saa 8 hata 10, tena ni katika usingizi ambamo akili huyaweka imara yale iliyojifunza mchana. Akeshaye usiku wa kuamkia mtihani ni kama mtu auzaye mbegu ili anunue jembe.

Mwaweza kumwuliza. Mama aliyeketi mekoni na amwambie, "Leo umejifunza nini? Nieleze kwa lugha yetu, nami nielewe." Wachunguzi wa elimu wamethibitisha ya kwamba mtu ajaribuye kulikumbuka somo kitabu kikiwa kimefungwa, hulishika kuliko yule alisomaye tena na tena. Mama hahitaji kulijua jibu, akiona mtoto asitasita, amwambie tu, "Hapo pana shimo, kamwulize mwalimu."

Na jambo moja mwaweza kuliacha: kumlinganisha na mtoto wa jirani. Neno hilo halijampa mtu akili. Limewapa wengi chuki tu.

Kisha yaja siku ya matokeo. Siku hizi habari husambaa kwa simu, na pengine jirani hujua kabla ya mama. Mzazi asimwache kijana peke yake siku ile, wala asiseme neno lolote zito kabla ya usiku mmoja kupita, maana neno la hasira halirudi kinywani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Iko njia ya kuurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Viko vyuo vya ufundi stadi. Viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kuna shamba na biashara. Haya yazungumzwe kwa utulivu, na kijana mwenyewe apewe nafasi ya kunena. Lakini akisema hana haja ya kuishi tena, au akijitenga na kugawa vitu vyake, mtu asidhani ni mchezo wala utoto. Msimkemee, kaeni naye usiku na mchana, mkampeleke hospitali, mkawaite watu anaowaamini. Heri kuonekana mmeogopa bure.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wachungaji, wainjilisti na wazee. Katika sharika zetu wazazi ambao watoto wao wamefaulu huja mbele na sadaka ya shukrani, na watu hupiga makofi. Ni desturi njema, wala sitaki ikome. Lakini tuangalie na kiti cha nyuma, au kiti kilicho kitupu. Yule aliyepata sifuri alipata kipaimara pamoja na wale wanaopigiwa makofi. Naye Jumapili ile huona afadhali kubaki nyumbani. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi yake ya kuzitangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Ikiwa baraza, ambalo kazi yake ni kupima, limeona inafaa kupunguza kelele za ushindani, sisi ambao kazi yetu si kupima tungoje nini? Mwinjilisti na aende nyumbani kwa kijana yule kabla ya Jumapili, asiende kumhubiri, ila kumjulia hali. Na katika sala ya usharika vijana wote waliofanya mtihani watajwe pamoja.

Wala tusidhani ya kuwa deni hili lawahusu walioshindwa tu. Hata aliyepata pointi 7 ahitaji kujua ya kwamba hakupendwa kwa ajili ya saba ile. La sivyo, ataogopa Kidato cha Sita, ataogopa chuo, ataogopa kazi, na maisha yake yote yatakuwa chumba kimoja cha mtihani ambacho hakuna agongaye kengele.

Basi, akina baba na akina mama, msingoje Novemba. Jioni ya leo, chakula kikiisha, mwiteni mtoto wenu. Mwambieni kazi mnayomtaka afanye. Kisha mwambieni na lile lingine, ambalo hakuna mtihani uwezao kumwondolea.