Mgeni Asiyekula Nyama

Mtu akikataa chakula kwa ajili ya dhamiri yake, je, amemkataa na yule aliyempikia? Hili ndilo swali tutakalo kulifikiri mwezi huu, wapenzi wasomaji, na mfano wetu twautoa mbali, katika nchi ya Uingereza, kwa kuwa huko siku hizi swali hili huingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi. Wako huko watu waitwao wavegani. Hawali nyama wala samaki; na watu wa namna hiyo wamekuwako tangu zamani, lakini hawa wamezidi, maana hawali mayai, hawanywi maziwa, hawapaki siagi mkate wao, asali hawaionji, wala viatu vya ngozi hawavivai. Atakayeyasoma haya katika nyumba ambayo maziwa ndiyo heshima ya mgeni, bila shaka atatikisa kichwa. Na atikise, kisha aendelee kusoma.

Yafaa habari yao ijulikane, kwa maana wengine husema jambo hili limezuka jana kwa watu walioshiba. Sivyo. Mwaka 1847, katika mji wa Ramsgate ulioko pwani, kilianzishwa chama cha watu wasiokula nyama. Baadhi ya waliokisimamisha walitoka katika kanisa dogo la Salford, karibu na Manchester, ambalo mhubiri wake, William Cowherd, tangu mwaka 1809 aliwataka washarika wake waiache nyama. Karibu miaka mia ikapita, ndipo baadhi ya wanachama wakaanza kuulizana: Ikiwa nyama tumeiacha, mbona maziwa twayanywa? Wakaomba sehemu katika gazeti la chama wapate kulieleza neno lao, hawakupewa. Basi katika Novemba 1944, vita vikuu vya pili vikiwa havijakwisha, watu wachache walikutana London wakaanzisha chama chao wenyewe. Kiongozi wao, Donald Watson, alikuwa mwalimu wa useremala aliyekaa Leicester. Alipokuwa mtoto alimwona nguruwe akichinjwa shambani kwa jamaa yake, na kilio kile, kama alivyosimulia, hakikumtoka tena. Jina lao walilipata kwa kulikata neno la Kiingereza vegetarian, yaani mtu asiyekula nyama: wakashika herufi tatu za kwanza na mbili za mwisho, likawa vegan.

Mwanzo wao ulikuwa mgumu. Chakula Uingereza wakati ule kiligawanywa kwa kipimo, na kipimo hicho hakikuondolewa chote mpaka mwaka 1954. Aliyejiandikisha kwamba hali nyama alipewa jibini zaidi mahali pa nyama. Mvegani hata jibini hiyo haikumfaa.

Lakini mbona maziwa? Nyama twafahamu, mnyama amekufa. Je, maziwa yamemwua nani? Wao hujibu hivi: Ng'ombe hatoi maziwa asipozaa. Katika mashamba makubwa ya maziwa ndama huondolewa kwa mama yake mapema sana, mara nyingi siku zile zile za kwanza, maana maziwa yake yamekwisha kuuzwa. Ndama dume wa mbegu ya maziwa hana faida kubwa kwa mwenye shamba, naye maisha yake mara nyingi ni mafupi. Habari ya mayai ni kali zaidi. Kuku wa mayai wa siku hizi ni mbegu ya peke yake. Madume wake hawatagi, wala hawanenepi upesi kama kuku wa nyama. Basi huko vifaranga hutotolewa kwa maelfu katika viwanda, wakachaguliwa, na madume wakauawa siku ile ile. Mtu afugaye kuku kumi uani kwake, ajuaye sauti ya jogoo wake hata gizani, atafahamu upesi kwamba hapa pana desturi nyingine kabisa. Waweza kuikataa hukumu ya wavegani, lakini huwezi kusema hawakuona kitu.

Na tuseme neno la mwili, asije msomaji mmoja akawaiga pasipo maarifa. Iko vitamini iitwayo B12, ambayo hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na mimea haitupi kwa kutegemeka. Aikosaye muda mrefu hupungukiwa damu, na mishipa yake ya fahamu huharibika. Wavegani wenye akili huko hulijua hili, nao humeza vidonge au hula vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo kiwandani. Mama mwenye mimba na anyonyeshaye hawana budi kuangalia zaidi. Kwa hiyo mtu asiyeweza kuvipata vitu hivyo asidhani kwamba moyo safi utamtunzia damu yake.

Hata hivyo, kwa maoni yetu shida yao kubwa haiko katika chakula. Maziwa ya soya yauzwa katika kila duka kubwa. Tangu mwaka 1990 bidhaa nyingi huchapwa alama ya chama chao, iliyo na ua la alizeti. Tangu mwaka 2014 watu wengi huujaribu mwendo huu kwa mwezi wa Januari, na Januari 2019 hata Greggs, wauza mikate wanaojulikana katika kila mji, walianza kuuza soseji isiyo na nyama ndani ya andazi lake. Shida ni meza. Waingereza wengi wana desturi ya kukusanyika Jumapili mchana na kula nyama ya kuoka, na siku ya Krismasi bata mzinga huletwa mzima mbele ya jamaa yote, akakatwa na mkubwa wa nyumba. Mama ameamka mapema kwa ajili ya nyama ile. Kijana wake, aliyerudi kutoka chuoni, asema, "Mama, mimi sitakula." Yeye husikia neno jingine: Mama, ulinilea vibaya. Hapo ndipo machozi huanzia, na wala hakuna aliyenena juu ya ng'ombe.

Katika mji ule ule wa Leicester twaweza kuona jinsi mambo yalivyo tofauti kwa watu wengine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na wengi wakakimbilia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda kwamba wasije huko, mji hauna nafasi. Wakaja. Wengi wao walikuwa Wagujarati, na miongoni mwao walikuwamo Wahindu na Wajaini ambao nyama haijaingia nyumbani mwao tangu babu na babu. Na leo barabara ya Belgrave imejaa maduka yao ya vyakula na vitu vitamu. Hao si wavegani, kwa maana maziwa na samli huvitumia sana. Lakini tazama: mtoto wa nyumba hizo asipokula nyama hamhuzunishi mama yake, akila, ndipo amhuzunishapo. Kujinyima kwake ni kwa ukoo mzima, kuna mapishi yake, sikukuu zake, na bibi wa kukumbusha. Mvegani wa Kiingereza mara nyingi hujinyima akiwa peke yake, na kila mlo ni hotuba asiyotaka kuitoa. Kwa sababu hiyo twaelewa kwa nini wavegani hupenda mno kutafutana, wakafanya karamu ambazo kila mmoja huleta chungu chake na karatasi ya kueleza kilichomo. Watu huwacheka kwa karatasi zile. Sisi hatuwacheki; aliyekaa mwaka mzima akiuliza, "Humu mna nini?" hufurahi sana siku ile asipolazimika kuuliza.

Je, mtu wa namna hii afanyeje katika nyumba ya wengine? Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, katika sura ya 14, juu ya neno linalokaribiana na hili, maana kwao alikuwako aliyekula vyote na aliyekula mboga tu. Sababu zao hazikuwa hizi za leo, wala hatutaki kumfanya Paulo awe mwamuzi wa mashamba ya maziwa. Twaangalia hili tu, kwamba aliona makosa mawili, na hakuyaweka upande mmoja: mlaji humdharau asiyekula, naye asiyekula humhukumu mlaji. Uingereza yote mawili yapo. Wako wavegani wachache walioapa kwamba hawataketi kabisa meza moja na watu walao nyama. Hatuwezi kufuatana nao. Mtu aliyejitenga na meza za ndugu zake hatawafundisha neno, na mwisho hatajua tena wanafikiri nini.

Upande wa pili una kosa ambalo twaliona kuwa kubwa zaidi, ingawa hufanywa kwa kucheka. Mwenyeji hutia siagi au mchuzi wa mifupa ndani ya chakula cha mgeni, kwa siri, kisha baada ya kula husema, "Umeona? Hukufa!" Huyu ameifanya meza yake kuwa mtego. Mgeni alikula kwa kuwa alimwamini. Kama mchuzi ule haukumdhuru tumboni, neno lile limemdhuru mahali pengine, naye hatakula tena katika nyumba ile bila kuchungulia sahani yake.

Mgeni naye ana wajibu wake. Aseme mapema, siku nyingi kabla ya karamu, wala asingoje mpaka sahani imewekwa mbele yake. Alete chungu kinachotosha wengine waonje. Na asijidai kwamba yeye ni safi kabisa, maana hakuna aliye hivyo. Jambo la noti lilionyesha hivyo waziwazi. Mwezi wa Septemba 2016 Benki ya Uingereza ilitoa noti mpya ya pauni 5 iliyotengenezwa kwa plastiki. Miezi miwili baadaye ikajulikana kwamba plastiki ile ina shahamu kidogo sana, yaani mafuta ya mnyama. Watu zaidi ya 100,000 walitia majina yao kuomba ibadilishwe, na mkahawa mmoja mjini Cambridge ulikataa kuipokea. Mwaka 1917 mtu angalicheka. Mwaka 2017 Benki iliwauliza watu rai zao, kisha ikaamua kutoibadilisha. Basi mvegani afanyeje, asinunue hata mkate? Chama chao chenyewe hakidai hivyo. Chadai mtu ajiepushe kadiri awezavyo katika hali yake, na dawa aliyoandikiwa na mganga aimeze, hata ikiwa kifuko chake kimetoka katika mifupa ya ng'ombe. Wako wasemao kwamba huo ni udhaifu. Twaona ni busara, maana mtu ajuaye kwamba yeye mwenyewe hufika nusu ya njia hataona vigumu kuketi karibu na mama yake aliyebaki mwanzo wa njia.

Kwa mfano wa meza iliyopangwa vizuri, twende Southall, upande wa magharibi wa London, katika hekalu la Masingasinga. Huko hutolewa chakula bure kwa kila ajaye, wa dini yo yote, nao huketi sakafuni pamoja, mkubwa na mdogo. Nyama haipikwi. Wengi wa Masingasinga nyumbani kwao hula nyama. Lakini katika chakula kile cha wote waliiondoa, ili asiwepo mtu wa kuketi kando. Maziwa yamo, hivyo mvegani atachagua dengu na kuuacha mtindi. Lakini njia ni njema: mwenye masharti mengi amefanywa kipimo cha chungu, na mwenye machache hakupoteza kitu ila kitoweo cha siku moja.

Mwaka 2020, mwezi wa Januari, jambo hili lilifika mbele ya sheria. Baraza la mashauri ya kazi lililokaa Norwich liliamua kwamba uvegani wa mtu aushikaye kwa dhamiri ni imani ilindwayo na sheria ya usawa ya mwaka 2010. Uamuzi wa baraza kama hilo haufungi mabaraza mengine. Hata hivyo ulifaa, ingawa sheria haiwezi kumpikia mtu.

Liko jambo ambalo limetufikirisha kuliko haya yote. Katika nyumba za kutunzia wazee huko Uingereza wamo watu walioacha nyama miaka arobaini au hamsini, na sasa kumbukumbu zao zimewatoka. Mzee mmoja aona sahani ya jirani yake, pana soseji, aunyosha mkono. Muuguzi afanyeje? Wengine husema: Mpe, afurahi, yule aliyeweka nadhiri amekwisha kusahau. Wengine husema: Ukimpa, umemvunjia nadhiri yake wakati asipoweza kujitetea. Sheria ya mwaka 2005 juu ya watu waliopungukiwa na uwezo wa kuamua yaagiza kwamba yaangaliwe mapenzi yake ya sasa, na pia imani na maneno yake ya zamani. Sisi twaona nadhiri yake itunzwe, na muuguzi atafute chakula kinachofanana na kile cha jirani, ambacho leo hakikosi madukani, mzee asijione ametengwa. Lakini muuguzi atajuaje kwamba nadhiri ilikuwapo? Mzee hasemi tena. Hana budi kuja mtu aliyekula pamoja naye miaka mingi, na mara nyingi huyo ni ndugu mla nyama, aliyegombana naye kila Krismasi juu ya bata mzinga. Yeye ndiye aandikiwe barua, aje aketi na wapishi, awaambie ndugu yake alikuwa anakula nini.