Ugonjwa Usio na Mwenye

Kwetu sisi Wanande, ugonjwa ukikawia, swali linabadilika. Siku za kwanza watu wanauliza: «Unaumwa nini?» Ikipita miezi, wanauliza: «Ni nani?» Alikosana na nani juu ya shamba? Mbuzi za mahari zilimalizika? Swali hilo si ujinga. Wazee walijua kama mtu haishi peke yake, na mara nyingi kikao cha kutafuta mwenye ugonjwa kilimalizika kwa kupatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao swali hilo linamdhulumu mgonjwa na linakula wakati wake: ule wa viungo, ambao wengi tunauita tu rimatisimu.

Jina hilo tunalitia juu ya mambo mengi. Mzee wa Lubero aliyepanda milima na mizigo miaka 50, magoti yake yanauma kwa sababu yamechakaa. Ninaosema ni mwingine. Madaktari wanauita poliartriti rimatoidi. Huu haungojei uzee. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 30 na 50, na wanawake wanaoupata ni mara mbili au tatu kuliko wanaume. Askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, wanageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Vidole vinavimba, mkono wa kuume na wa kushoto pamoja. Asubuhi mwili umekauka kama ubao, saa nzima au zaidi, kisha polepole unalegea.

Sasa muangalie mke kijana aliyeolewa kati ya wakwe. Saa kumi na mbili asubuhi wenzake wanabeba majembe. Yeye hawezi kufunga kitenge. Saa sita wanarudi, wanamkuta anatembea, anacheka na watoto. Watasema nini? Mvivu. Akiendelea kuharibika, uvivu unageuka kuwa laana, na macho yanaanza kumtafuta mama mkwe fulani, au bibi kizee wa jirani ambaye hana mtu wa kumtetea. Hivi watu wawili wanaumizwa na ugonjwa mmoja, na mmoja wao hata haumwi.

Wakati huo viungo havingoji. Miezi ya kwanza ndiyo ya maana zaidi. Mfupa ukisha kuliwa, hakuna dawa inayourudisha.

Mimi si mtu wa kudharau dawa za miti. Kinkina tunayopanda hapa Butembo na Lubero ni mti, na ganda lake ndilo linalotoa kinini. Klorokini, tuliyokunywa sisi wote juu ya malaria mbele haijaachwa miaka ya 2000, inasaidia pia wagonjwa wengine wa viungo. Kwa hiyo siulizi dawa inatoka wapi. Nauliza yule anayeitoa anaahidi nini. «Itaisha kabisa, leta mbuzi.» Hapo ndipo ninaposhika mashaka, na ninashika yale yale mbele ya duka la dawa la barabarani.

Juu kule wanauza vidonge vya deksametazoni bila karatasi ya dokta. Mgonjwa anakunywa, kesho yake anatwanga sombe. Uso unajaa, majirani wanasema: «Amenenepa, dawa imekubali!» Kumbe uso huo ni dawa yenyewe inayomvimbisha. Wenye elimu kubwa nao walidanganyika hivyo. Mwaka wa 1948, huko Marekani, dokta Philip Hench wa Mayo Clinic alimpa kortizoni mwanamke ambaye ugonjwa huu ulimlemaza, na kwa siku chache akatembea. Dunia ilipiga makofi, Hench na wenzake wawili wakapata tuzo ya Nobel mwaka wa 1950. Kisha madhara yakaonekana: mifupa dhaifu, sukari, presha. Dawa za namna hii zina kazi yake, kwa kipimo na kwa muda, na hazikatwi ghafula.

Dawa ambayo madaktari wanaanza nayo zaidi leo ni metotreksati. Haina ajabu ya kesho yake. Inaomba wiki nyingi. Inakunywewa mara moja kwa juma, si kila siku, na anayekosea hapo anaweza kufa. Inaomba pia asidi ya foliki, na kupima damu mara kwa mara.

«Mwalimu,» mama mmoja aliniuliza, «dokta anasema haitaisha. Sasa mi nakunywa dawa ya nini?»

«Mama, bugali nayo haimalize njaa. Unakula tena kesho.»

Alicheka, lakini sikuwa nimejibu yote. Dawa hiyo inaharibu mimba. Kwetu, kumwambia mke wa miaka 28 asizae kwanza ni kumwambia neno zito kuliko maumivu. Dokta anayeandika dawa bila kumwita mume anafanya nusu ya kazi, kwa sababu zipo dawa nyingine ambazo mtu anaweza kupewa akitaka kuzaa, lakini lazima ziulizwe mapema. Na kasiksi ya kikao? Metotreksati na pombe vinachosha maini. Mgonjwa akikataa kikombe, wazee wasione ni dharau.

Upande wa Beni kuna shida nyingine: tangu mauaji ya 2014, anayekimbia kijiji usiku habebi boksi ya dawa. Huyo anaachwa na kila mtu, hata na swali letu la «ni nani».

Jamaa moja ya hapa Butembo ninayoijua walikaa kikao juu ya dada yao. Mjomba alitaka majina. Kaka mkubwa akasema leo hatutafute majina, tugawane kazi. Mmoja akachukua kulipa labo, shemeji akachukua jembe la asubuhi, binti akapewa sombe. Siku ya vidonge ikawekwa Jumapili, baada ya misa, ili mtu asisahau. Mjomba alinuna, lakini alilipa moto ya kwenda hospitali.