WAZO LA LEO: Sweta Jeusi la Steve Jobs

Januari 9, 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipanda jukwaani na sweta lake jeusi, jinzi na raba. Akatelezesha kidole kwenye kioo cha simu ya iPhone, ukumbi ukapiga makofi. Wengi waliiga vazi lile. Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa kampuni ya Theranos, alipigwa picha za majarida akiwa na sweta jeusi, ilhali mashine zake za kupima damu hazikutimiza alichoahidi. Januari 2022 akatiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Lakini simu ile ya Jobs haikuundwa na sweta; iliundwa na wahandisi waliokesha miaka zaidi ya miwili, na wengi wetu hatuyajui majina yao. Wewe unayeanza kampuni, watafute kwanza watu kama hao.