Shukrani Katika Siku ya Theluji

Neno la kusomwa: Zaburi 147:16–18



Ninawaandikia kutoka Sachsen, katika nchi ya Ujerumani, ninakotumika kwa muda pamoja na mke wangu na watoto wetu. Ndiko walikotoka wamisioni wa Leipzig waliofika kwetu Kilimanjaro mwaka 1893.

Mimi nalizaliwa chini ya Kibo. Tangu utoto naliiona theluji kwa mbali, nikaipenda, kwa kuwa haikunigusa. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Januari nalifungua mlango, na tazama, theluji ilikuwa imefika magotini. Njia hazikuonekana, treni zilisimama, wala ndege hazikuruka. Nami siku ile nalipaswa kusafiri, maana mama yetu mzazi alikuwa amefariki, na maziko yake yalikuwa kesho yake. Mara nalijua ya kwamba sitawahi. Mimi, kifungua mimba wake, sitamtupia mama yangu udongo.

Basi nalirudi ndani, nikaketi, nisiseme neno. Mke wangu akaandaa uji, tukaizunguka meza. Zamu ya kuombea chakula ilikuwa ya binti yetu mdogo. Akanitazama, akaniuliza, “Baba, leo tumshukuru Mungu kwa lipi?” Sikuweza kumjibu. Mimi niliyewahubiri wengi habari za shukrani nalinyamaza mbele ya mtoto.

Tukiwa katika kimya hicho, twalisikia koleo likikwaruza nje. Alikuwa jirani yetu, mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye zamani alikuwa mkulima. Alikuwa amezisikia habari zetu, wala hakungoja kuitwa. Alikuwa akiondoa theluji mlangoni petu. Nalitoka nikamwambia, “Mzee wangu, acha, kazi hii ni yangu mimi mwenye nguvu.” Akanijibu, “Mchungaji, wewe leo umefiwa. Niache nifanye.” Nami nalipoanza kuilaumu theluji, akanyosha mkono kuelekea mashambani, akasema, “Ngano iliyopandwa mwezi wa Oktoba imelala chini yake. Nalipokuwa nikilima, naliogopa baridi kali isiyo na theluji, kwa maana hiyo ndiyo iuayo. Theluji ikiifunika ngano, hulala salama.”

Wapendwa, neno hilo lilinirudisha kwenye Zaburi yetu. Mtunga zaburi anaifananisha theluji na sufu. Zamani nalidhani ni kwa ajili ya weupe wake tu. Lakini sufu ni vazi pia. Theluji mpya imejaa hewa ndani yake, kama sufu ilivyo. Kwa hiyo huzuia joto la ardhi lisitoke upesi, na mizizi huhifadhiwa. Walakini mtunga zaburi hafichi ukali wake. Katika mstari wa 17 anakiri ya kwamba baridi hiyo humshinda mwanadamu. Ni vazi, na tena ni baridi. Yote mawili ni kweli.

Kumbukeni habari za Johannes Rebmann, alipouona mlima wetu tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake aliuita ule weupe “baridi” tu. Rebmann aliijua theluji tangu kwao Ulaya. Akaketi, akasoma Zaburi ya 111, ambayo ni zaburi ya shukrani. Je, ni nani kati yao aliyesema kweli? Wote wawili. Imani haitukatazi kuiita baridi kwa jina lake. Yatufundisha kumshukuru Mungu mahali palepale tunapoiona baridi.

Si mbali na mji wa Leipzig uko mji wa Eilenburg. Hapo aliishi Mchungaji Martin Rinckart katika siku za Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618 na kwisha mwaka 1648. Mwaka 1637 tauni iliuangamiza mji, naye alizika watu zaidi ya 4,000, hata mke wake mwenyewe. Mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani unaoimbwa hata leo na Wakristo wa nchi nyingi, nao hapo kwanza ulikuwa sala fupi ya mezani. Hakuishukuru tauni. Mtume Paulo naye, katika 1 Wathesalonike 5:18, atuagiza kushukuru katika kila hali. Hasemi ya kwamba kila hali ni njema. Kifo ni adui, nacho huitwa hivyo katika Maandiko. Lakini adui huyo hana nguvu za kuvifuta vipawa vya Mungu vilivyo mezani petu.

Tena, Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza maana ya mkate wa kila siku, haishii kwenye chakula. Anahesabu mavazi na nyumba, na mwishoni anawataja majirani waaminifu. Maneno hayo naliyafundisha kwa vijana wa kipaimara miaka mingi, walakini siku ile ndipo nalipoyaona kwa macho, yameshika koleo.

Basi nalimkaribisha mzee yule ndani, akaketi pamoja nasi. Binti yetu akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa ajili ya uji, na nyumba yenye joto, na bibi aliyetupenda, na mzee aliyetufungulia njia. Sote twalisema Amina, mimi nikilia.

Kesho yake, saa ya maziko, twalisimama dirishani tukaomba. Nje mashamba yalikuwa meupe yote, wala hapakuonekana jani moja. Lakini nalijua ya kwamba ngano imo. Ndipo nalipoukumbuka mstari wa 18: Mungu hunena, na kilichoganda huyeyuka. Mama yangu naye amewekwa udongoni kama mbegu. Bwana wetu Yesu Kristo, aliyetoka kaburini siku ya tatu, atanena neno lake, naye ataamka.

Ewe ndugu usomaye, pengine theluji hujaigusa kamwe, lakini baridi waijua. Pengine mvua imekosa shambani, au mtoto ni mgonjwa, au kitanda kimoja nyumbani mwako ki kitupu. Usimdanganye Mungu kwa kusema ya kwamba huumii. Mwambie yote. Kisha tazama mezani pako, utafute jambo moja tu lililotoka mkononi mwake, umshukuru kwa hilo. Na kama jirani yako amekaa kimya kwa huzuni, usingoje akuite. Chukua koleo lako, uende. Huenda wewe ndiwe jibu la swali la mtoto wake.

Ee Bwana, utufunike katika siku za baridi, uilinde imani yetu kama mbegu ardhini, hata utakapolituma neno lako. Amina.