Kafara na Sadaka: Je, Kila Kifo cha Shujaa ni Ushujaa?

Mtu anayejitoa kufa kwa ajili ya wenzake, ilhali kifo hicho kingeweza kuepukwa, ni shujaa au ni mpotezaji wa uhai? Swali hili ni kongwe, nasi walimu wa lugha hukutana nalo kila tunapofundisha hadithi ambayo mhusika wake mkuu anakufa mwishoni. Katika makala haya nitalichunguza kwa mfano ambao yamkini baadhi ya wanafunzi wetu wanaujua kuliko sisi, nao ni mchezo wa video.

Mchezo huo huitwa Fallout 3. Ulitungwa na Bethesda Game Studios ya Marekani, ukatolewa mwezi wa Oktoba 2008. Ni bunilizi ya kisayansi. Vita vya nyuklia vya mwaka 2077 vimeiangamiza dunia, na miaka 200 baadaye watu wanaishi katika magofu ya Washington, D.C., wakinywa maji yenye sumu ya mionzi. Mchezaji humwongoza kijana anayemtafuta baba yake, mwanasayansi aitwaye James. Baba huyo anataka kuwapa watu wote maji safi, kwa mtambo uliowekwa ndani ya jengo la kumbukumbu ya Thomas Jefferson, naye anakufa akiuzuia usitwaliwe na madhalimu.

Mwishoni, mtambo hauna budi kuwashwa kutoka ndani ya chumba kilichojaa mionzi inayoua. Kijana aingie mwenyewe afe, au amwache askari mwenzake, Sarah Lyons, afe badala yake. Akimtuma Sarah, msimulizi anamshutumu. Hapo ndipo wachezaji wengi waliponung'unika, kwa maana kijana anaweza kuwa ameandamana na Fawkes, kiumbe aliyegeuzwa kuwa jitu na virusi, ambaye mionzi haimdhuru. Tena Fawkes huyo huyo alikwisha kuingia katika chumba kingine cha mionzi, akatoa kifaa kilichohitajiwa na mtambo, akatoka salama. Lakini akiombwa mara hii anakataa, akisema kwamba hayo ni majaaliwa ya kijana mwenyewe.

Mwaka 2009 watungaji walirekebisha jambo hilo kwa nyongeza iitwayo Broken Steel, ambayo baadaye mwaka huo iliunganishwa na nyongeza nyingine nne katika toleo lililopanuliwa. Humo, kijana aliyeingia chumbani hafi, bali anazinduka baada ya wiki mbili. Na Fawkes akiombwa, anakubali.

Wako wanaodai kwamba toleo hilo liliiharibu hadithi, kwa kuwa kifo ndicho kilichoipa uzito. Naona tuyatenganishe mabadiliko haya mawili. Kuzinduka kwa kijana hakumpunguzii sifa hata chembe. Alipoingia hakujua kwamba ataishi, na wema wa tendo hupimwa kwa nia ya mtendaji wakati wa kutenda. Badiliko la pili ndilo zito, maana linatuonyesha kwamba hapakuwa na haja ya mtu kufa.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Twatofautisha sadaka na kafara. Sadaka hutolewa kwa hiari, kwa sababu yuko mwenye kuihitaji. Kafara hutolewa ili balaa iondoke, na mbuzi wa kafara haulizwi. Katika toleo la kwanza, kijana aliyeandamana na Fawkes alikuwa kafara ya watungaji: mlango wa usalama ulikuwapo, wakaufunga ili hadithi ipate machozi. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Walisifu namna ya kukipokea kifo kisichoepukika. Je, walituagiza tukitafute? La hasha!

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba ni halali kumtuma yeyote asiyeweza kudhurika. Mchezaji anaweza pia kuwa na Charon, mtu aliyegeuzwa na mionzi, ambaye amefungwa na mkataba wa kumtii yeyote anayeushika. Naye chumba kile hakimdhuru. Lakini Fawkes huombwa, na Charon huamriwa. Mwili wa Charon hauumii, ila hiari yake haikuulizwa. Kumwokoa mmoja kwa kumfanya mwingine chombo ni deni, hata kama hakuna aliyekufa.

La kushangaza ni kwamba katika toleo lililopanuliwa, aliyemtuma Fawkes bado analaumiwa na msimulizi, kana kwamba amekimbia wajibu. Lawama hiyo naikataa. Anayechagua njia isiyoua mtu, kwa ridhaa ya anayeipita, ametimiza wajibu wake. Anayeingia mwenyewe ilhali Fawkes yuko tayari, nahofia kwamba anatafuta jina zaidi ya maji.

Na maji yenyewe hayakwisha kazi siku mtambo ulipowashwa. Nyongeza ile inaonyesha misafara ikiyapeleka vijijini na kuvamiwa njiani, na mlaghai mmoja akiuza maji machafu katika chupa akidai kwamba ni dawa. Hadithi ya kwanza ilikoma kwenye kifo, ikatuachia dhana kwamba kifo kilimaliza yote. Kumbe palihitajiwa walio hai wa kulinda, kugawa na kukagua. Uhai uliookolewa chumbani ulikuwa na kazi ya kufanya nje.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tunapowauliza wanafunzi kwa nini mhusika fulani ni shujaa, tusiridhike na jibu kwamba alikufa kwa ajili ya wenzake. Tuwaulize pia kama palikuwa na njia nyingine, ni nani aliyeifunga, na baada ya mazishi ni nani aliyebaki kuteka maji.