Keti Kwanza, Uhesabu

Bwana wetu alipoona makutano makubwa yakimfuata njiani, hakuwabembeleza. Aliwapa mfano wa mjenzi wa mnara, kama tusomavyo katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14. Mwenye busara huketi kwanza akahesabu gharama. Asiyehesabu huweka msingi, akaishia hapo, na watu humcheka. Bwana alikuwa akisema juu ya gharama ya kuwa mfuasi wake, lakini alichagua mfano unaoeleweka na kila mwenye nyumba. Hata leo twauelewa vema, maana maboma yaliyoota majani mahali palipokusudiwa chumba si mageni kwetu.

Hebu tumtazame baba mmoja, ambaye aweza kuwa wa parokia yoyote. Watoto wamekua, bibi mzee amekuja kukaa nao, na nyumba imekuwa ndogo. Baba aazimia kuongeza chumba kimoja ubavuni mwa nyumba. Nia yake ni njema, tena ni takatifu, kwa kuwa kumpatia mama mzee mahali pa kulala ni kuitimiza amri ya nne. Amwita fundi, wahesabu matofali na saruji, na kesho yake kazi yaanza.

Nasi tuketi naye kidogo. Chumba cha mita 4 kwa 3, kikiegemea ukuta wa zamani wa mita 4, kinahitaji kuta tatu mpya, jumla mita 10. Kimo kikiwa mita 3, ni mita za mraba 30. Tukiondoa mlango na madirisha, zabaki kama 25. Matofali ya saruji yenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha 23 huenda 10 hivi kwa kila mita ya mraba: basi ni 250, na 20 zaidi kwa yale yatakayovunjika. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 hula karibu mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Hayo baba aliyaandika.

Lakini hakuandika mawe na zege la msingi, wala nondo za linta, wala mbao, bati na misumari. Hakuandika lipu, rangi, lori la mchanga na kokoto, maji, wala kibali cha halmashauri. Hakukumbuka kwamba ukuta mpya usipounganishwa vema na ule wa zamani hupasuka, kwa sababu msingi mpya ungali ukitulia ilhali wa zamani umekwisha kutulia. Wala hakuweka akiba, walau sehemu moja katika kumi, kwa mambo yasiyotazamiwa.

Mtu hudhani ya kuwa jambo lisiloandikwa halina gharama. Sivyo! Gharama iliyoachwa nje ya karatasi haipotei, bali hutafuta mlipaji mwingine. Fedha ziishapo, na ukuta umefika kimo cha dirisha, ni nani alipaye? Wa kwanza ni fundi, aambiwaye arudi mwisho wa mwezi, na mwezi ule hauishi. Wa pili ni mtoto, ambaye fedha ya sare na nauli yake imekwisha kugeuka saruji. Wa tatu ni mama wa nyumba, ambaye akiba yake ya kuuza mboga yachukuliwa kwa ahadi. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa siku ile ya hesabu.

Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5 ya Waraka wake, aonya kwamba ujira waliodhulumiwa wavunaji wapiga kelele, na kilio chao chafika masikioni mwa Bwana. Papa Leo XIII, mwaka 1891, alilikumbusha Kanisa zima neno hilo katika Rerum Novarum. Tusidhani maneno hayo yawahusu matajiri wenye mashamba na viwanda tu. Yamhusu pia baba aliyemwajiri fundi mmoja kwa majuma matatu.

Wako wasemao, “Tuanze tu, Mungu atajalia.” Kutumaini Maongozi ya Mungu ni fadhila, lakini kumtumaini kwa ujira wa mtu mwingine ni kumjaribu. Bwana yule yule aliyetukataza kuhangaikia kesho ndiye aliyesema tuketi tuhesabu. Kuhesabu si uhaba wa imani. Ni upendo wenye macho.

Basi, jioni moja baada ya sala, baba na mama waketi pamoja na karatasi. Ujira wa fundi uandikwe juu kabisa, pamoja na siku ya kulipwa. Zifuate ada na sare za watoto, zisizoguswa. Kisha vifaa vyote, kwa bei zilizoulizwa katika maduka mawili au matatu. Fedha zisipotosha, si aibu kungoja mwaka. Vijana waweza kulala sebuleni, na bibi akapewa chumba chao.

Na wewe ambaye boma lako lasimama tayari, na fundi wako bado anadai, usinunue bati hata moja kabla ya kumlipa. Ndipo siku padre atakapokuja kukibariki chumba, asikutwe mtu mlangoni akingojea haki yake.